Unaumwa Mgongo kwa Kompyuta? Usikimbilie Kusema ni Ngiri

Korosho zikianza kuingia maghalani mwezi Oktoba, huko Tandahimba, Newala na Masasi huruma yote humwendea mpakiaji mwenye gunia begani. Karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, aliye ndani, anayeingiza jina la mkulima, kilo na namba ya akaunti ya benki toka asubuhi mpaka taa ziwashwe, hakuna anayempa pole. "Wewe si umekaa tu?" Hiyo ndiyo dhana inayozaa nyingine zote: eti kukaa ni kupumzika.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo tano hivi. Ukikiinamisha kwenye skrini, misuli ya shingo na mabega hukishikilia bila kuachia, na msuli uliokazwa muda mrefu, hata kidogo tu, hubana mishipa yake ya damu. Mpakiaji naye ana maumivu yake, hilo halina ubishi, ila misuli yake hukaza na kulegea. Ya karani imekaza tangu saa mbili asubuhi. Halafu kuna zile diski laini zilizo katikati ya pingili za mgongo. Kwa mtu mzima karibu hazina mishipa ya damu kabisa. Hupata maji na virutubisho kadiri zinavyobanwa na kuachiwa, yaani kadiri unavyojongea. Mtu anayezikalia asubuhi nzima bila kunyanyuka anazinyima chakula.

"Maumivu ya kiuno ni ngiri, au figo"

Mwanamume akilalamika kiuno, baraza zima litamwambia ni ngiri. Mwanamke ataambiwa chango. Aliyesoma kidogo atasema figo, basi anywe maji mengi. Chupa ya dawa ya mizizi inanunuliwa, kiti kinabaki kilekile.

Ngiri wanayoitibu hospitali ni utumbo unaosukumwa kupitia sehemu dhaifu ya ukuta wa tumbo, mara nyingi kwenye kinena, na huonekana kama uvimbe unaotokeza ukikohoa au ukibeba kitu kizito. Maumivu ya figo hukaa ubavuni chini ya mbavu, mara nyingi upande mmoja, hayajali umekaa au umesimama, na huweza kuja na homa au mkojo uliobadilika. Maumivu ya kiti yana tabia nyingine. Asubuhi hayapo, saa tisa alasiri yameshika kiuno, ukitembea mpaka kwa mama ntilie yanapungua, ukirudi kukaa yanarudi nawe. Jichunguze kwa siku chache kabla hujanunua mizizi.

"Kaa wima kama askari"

Tulifundishwa hivi shuleni, na kwenye picha za mafunzo ya ofisini mtu huchorwa amekunjika nyuzi 90 kila kiungo. Mwaka 2006 watafiti waliwapiga picha watu 22 wenye migongo mizima katika Hospitali ya Woodend, Aberdeen, Uskoti, kwa mashine ya MRI iliyowaruhusu kukaa badala ya kulala. Mzigo kwenye diski ulipungua walipoegemea nyuma kwa nyuzi 135, ukilinganisha na walipokaa wima. Sasa, kwa nyuzi 135 hutachapa kitu, utasinzia. Lakini kuegemea kidogo si uvivu, na bosi anayemfokea karani "kaa vizuri" kwa sababu ameegemea anamwonea. Kikubwa ni kubadili mkao: kila nusu saa inuka, kafungue dirisha, kapokee karatasi kwa miguu badala ya kuitisha.

Walionunua wazo la kusimama kutwa nao wasijidanganye. Waulize wauza duka kuhusu miguu yao.

"Dawa yake ni kiti cha bosi"

Hapa ndipo pesa inapotupwa. Ingia steshenari yoyote ya Mtwara mjini wakati vijana wanajaza maombi ya ajira na mikopo ya chuo. Dada anayechapa amekalia kiti cha plastiki mbele ya meza ya fundi seremala iliyopimwa kwa mtu wa kalamu. Laptopu imelala mezani, kwa hiyo shingo imeinama. Meza iko juu, kwa hiyo mabega yamepanda karibu na masikio. Na mausi iko ng'ambo ya lundo la vyeti, mkono umenyooshwa kama anayeomba. Mletee kiti cha ngozi chenye magurudumu, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachobadilika.

Dukani kwake mna vifaa tayari. Rimu moja ya A4 ina unene wa sentimita tano hivi. Rimu mbili au tatu chini ya laptopu zinapandisha skrini mpaka ukingo wake wa juu ulingane na macho, kisha atumie kibodi ya pembeni na mausi iliyo jirani nayo, viwiko vikiwa karibu na mbavu. Meza ikiwa juu mno, aweke mto kwenye kiti. Miguu ikianza kuning'inia, aikanyagishe rimu nyingine. Khanga iliyokunjwa mara kadhaa inajaza uwazi wa kiuno. Vile vijiguu vya nyuma vya kibodi avilaze, maana hukunja kifundo cha mkono kwenda juu.

"Vaa mkanda" na "nunua miwani ya kompyuta"

Mkanda wa kiuno: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unashauri usitumike kama tiba ya kawaida. Miwani ya kuchuja mwanga wa bluu: mapitio ya mwaka huohuo ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi. Macho huwasha kwa sababu ukikodolea skrini unapepesa mara chache, na joto letu hili linatufanya tuelekeze feni usoni, ikamalizia kuyakausha. Geuza feni. Usikae dirisha likiwa nyuma yako au mbele yako, likae ubavuni. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho mita sita kwa sekunde 20, hata kama ni bajaji ya mtu.

"Ganzi ya vidole ni dalili ya kupooza"

Inaweza kuwa, ikija ghafla na mdomo kupinda au mkono kuishiwa nguvu. Huko ni mbio hospitali. Ganzi ya gumba, shahada na kidole cha kati inayokuamsha usiku mara nyingi ni mshipa wa fahamu uliobanwa kifundoni, na kuchapa peke yake hakuna lawama kubwa kama watu wanavyodhani. Wajawazito na wenye kisukari hupatwa sana, kwa hiyo pima sukari. Ganzi ikiwa kidole cha mwisho, angalia kiwiko: pengine unakiegemeza kutwa kwenye kioo cha kaunta.

Diklofenaki, ile dawa ya kutuliza maumivu, ya kila jioni msimu mzima haitibu chochote kati ya haya, na inachokoza vidonda vya tumbo, figo na presha. Lakini mgongo ukiuma pamoja na mguu kuishiwa nguvu, ganzi katikati ya mapaja, au mkojo kukataa au kutoka wenyewe, acha habari za rimu na khanga. Nenda hospitali ya Ligula, Mtwara, siku hiyohiyo.