Uzito wa pete si uzito wa dhahabu

Moshi na Arusha, wengi huamini pete ya zamani ikipimwa gramu, ukazidisha kwa bei ya dhahabu ya siku, umepata thamani yake. Lakini bei inayotangazwa ni ya dhahabu safi, karati 24, tena mara nyingi kwa aunsi ya gramu 31.1. Mapambo mengi huchanganywa na shaba au fedha ili yawe magumu. Angalia muhuri upande wa ndani: 375, yaani sehemu 375 za dhahabu safi katika kila 1,000, ni karati 9; 750 ni karati 18. Pete ya gramu 4 yenye 375 ina dhahabu gramu 1.5 tu, bila kuhesabu kito. Muhuri huweza kughushiwa, kwa hiyo mwombe sonara aipime kwa asidi mbele yako, kisha nenda kwa mwingine. Tafadhali, usiuze urithi wa bibi kwa bei ya duka la kwanza.