Je, wajua kwa nini paswedi yenye @ na ! inaweza kuvunjwa kabla hujamaliza chai?

Kwa miaka mingi paswedi yangu ilikuwa Y@nga1935! na nilijiona mjanja kweli. Herufi kubwa ipo, namba zipo, alama mbili, na kile kimstari cha kupima kinageuka kijani kila nikijisajili, nikawa nawaonea huruma watu wa 123456. Kumbe tulikuwa foleni moja, wamenitangulia kidogo tu.

Nilichokosea ni kudhani mwizi anakaa kwenye ukurasa wa kuingia anabahatisha moja moja. Pale angefungiwa mapema. Mara nyingi anaiba faili zima la paswedi za tovuti, anaenda kulishughulikia kwake bila presha. Na humo paswedi huwa zimesagwa (zinapaswa kuwa zimesagwa, maana RockYou, kampuni ya mtandaoni ya Marekani, mwaka 2009 walizihifadhi hivihivi, zikavuja kama milioni 32, na iliyoongoza ilikuwa 123456).

Kusagwa kwenyewe fikiria mashine ya unga. Unapeleka mahindi, unatoka na unga, hakuna fundi wa kukurudishia punje. Ila hapa mahindi yaleyale kwenye mashine ileile hutoa unga uleule kabisa, kila siku. Kwa hiyo mwizi hahangaiki kurudisha punje, anachukua neno analohisi, analisaga, analinganisha na unga alioiba, haufanani, anasaga lingine. Mashine ikiwa nyepesi, kompyuta yake inasaga mabilioni kwa sekunde. Tovuti makini hutumia mashine nzito ya makusudi na kila mtu anatiwa chumvi yake (herufi za kubahatisha zinazochanganywa na paswedi kabla ya kusagwa), hapo kazi inakuwa ndefu, lakini wewe huwezi kujua tovuti yako inatumia ipi.

Sasa anaanza kusaga nini? Haanzi na aaaa, aaab. Anaanza na orodha za paswedi zilizovuja, ile ya RockYou ikiwemo, halafu anazipitisha kwenye kanuni: a iwe @, o iwe 0, herufi ya kwanza kubwa, mwaka nyuma, mwisho weka !. Yaani ujanja wangu wote ulikuwa kanuni nne kati ya hizo, ambazo programu inazijua kwa kichwa, na mwaka ilipoanzishwa Yanga nao si siri ya mtu.

Ushauri wa alama ulienezwa sana na mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wa mwaka 2003. Aliyeuandika, Bill Burr, mwaka 2017 alisema anajutia sehemu kubwa yake, na mwaka huohuo NIST wakaachana na kulazimisha alama na kubadilisha paswedi kila baada ya muda.

Kinachomchosha mwizi ni urefu usiotabirika. Arnold Reinhold mwaka 1995 alitoa njia ya dadu: rusha mara tano, ikitoka 2-5-1-1-6 chukua neno la namba hiyo kwenye orodha ya maneno 7,776. Maneno sita, tuseme kijiko bati gavana mvua sufuria twiga, yanatoa idadi ya michanganyiko yenye tarakimu 24. Ila dadu ichague, sio wewe. Harakaharakahainabaraka ni ndefu lakini kila mtu anaijua, na kuiandika kwa Kiswahili sio kinga, zile orodha za paswedi zilizovuja zimetokana na watu halisi, na sisi tumo.

Mimi maneno sita ya namna hiyo nimeyatunza kwa ajili ya kufungulia programu ya kuhifadhi paswedi tu, paswedi zilizobaki inatunga yenyewe, kila akaunti na yake. Dadu niliazima kwenye ludo ya watoto.