Je, wajua kwa nini "Last Christmas" ya Wham! ilisubiri miaka 36 kushika namba moja Uingereza?

Desemba 1984, kundi la Wham! lilikuwa halishikiki. Mwaka huo George Michael na Andrew Ridgeley walikuwa wameshapeleka nyimbo mbili namba moja kwenye chati ya Uingereza, ndipo wakatoa "Last Christmas". Santuri zikauzwa kwa wingi mno, zaidi ya milioni moja, lakini wimbo ukagota namba mbili.

Aliyewazuia hakuwa mpinzani wa kawaida. Oktoba mwaka huo BBC ilionyesha taarifa kutoka Korem, Ethiopia, ambako watu walikuwa wakifa kwa njaa. Mwanamuziki Bob Geldof aliiona, akashirikiana na mwanamuziki mwenzake Midge Ure kuandika wimbo wa kuchangisha fedha, "Do They Know It's Christmas?", na Novemba 25 mastaa kadhaa wakakusanyika studio London kuurekodi kwa jina la Band Aid. Wimbo huo uliuza nakala milioni moja katika wiki ya kwanza tu, ukakaa namba moja kwa wiki tano. Na mmoja wa walioimba humo ni George Michael mwenyewe! Kwa hiyo sauti yake ilikuwa namba moja na namba mbili kwa wakati mmoja. Wham! nao waliamua mirabaha ya wimbo wao iende kusaidia waathirika wa njaa ileile, uamuzi ambao kwangu una uzito kuliko nafasi yoyote ya chati.

Sasa, "Last Christmas" ulipandaje baada ya miaka yote hiyo? Jibu liko kwenye namna chati inavyohesabu.

Enzi za santuri, chati ilihesabu mauzo peke yake. Ukinunua santuri yako mwaka 1984, umehesabiwa mara moja. Hata ukiipiga kila Desemba kwa miaka ishirini mpaka ikwaruzike, chati haina habari. Wimbo wa zamani ungeweza kupendwa nyumba kwa nyumba na usionekane popote. Miaka ya 2000 nyimbo za kupakua mtandaoni zikaanza kuhesabiwa, na tangu 2007 wimbo wowote uliopakuliwa ukapata nafasi hata kama haukuwa na nakala mpya madukani. Lakini mageuzi makubwa yalikuja 2014, pale kusikiliza mtandaoni kulipoingizwa kwenye hesabu. Hapo chati ikaanza kupima watu wanasikiliza nini wiki hii. Na wiki za Krismasi mamilioni ya watu wanarudia nyimbo zilezile walizokua nazo.

Desemba 2020 wimbo wa Krismasi wa Mariah Carey wa mwaka 1994, "All I Want for Christmas Is You", ulifika namba moja Uingereza kwa mara ya kwanza. Wiki chache baadaye, kwenye chati ya Januari 1, 2021, ikawa zamu ya Wham!. George Michael hakuishi kuliona hilo. Alifariki siku ya Krismasi, 2016. Mwaka 2023 wimbo ukawa namba moja ya wiki ya Krismasi yenyewe, heshima ambayo Waingereza huithamini sana, na 2024 ukairudia.

Wanaoumia ni wasanii wa leo. Kundi jipya likitoa wimbo wa Krismasi sasa, halishindani na matoleo ya mwaka huo tu, bali na kila Desemba iliyopita.