Misuli, Homoni na Mishipa ya Damu: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Anayehema amepungukiwa hewa

Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, mtu akitua gunia la dagaa huku anahema, utasikia wakisema, "Huyo pumzi imemwishia." Kama mapafu yake ni mazima, damu inayotoka moyoni bado imejaa oksijeni kwa asilimia 95 hivi au zaidi. Hata pumzi anayoitoa ina oksijeni karibu asilimia 16, ilhali hewa aliyovuta ina 21. Kinachomhemesha hasa ni kabonidayoksaidi na asidi inayoongezeka kwenye damu, pamoja na amri za ubongo zinazofuatana na kazi ya misuli.

Kikwazo kiko mbele zaidi: damu kiasi gani inaufikia msuli, na msuli unachukua oksijeni kiasi gani humo. Mtu akiwa amekaa, moyo husukuma lita 5 hivi kwa dakika, na misuli yote hupata kama lita 1 tu. Kazi ikipamba moto, kijana mwenye mazoezi hufikisha lita 20 hadi 25, na zaidi ya asilimia 80 huenda kwenye misuli.

Dhana: Adrenalini hufungua mishipa yote

Hapa ndipo wengi wanapopotea, hata wanamichezo. Noradrenalini, homoni ndugu ya adrenalini ambayo neva pia huitoa, hubana mishipa ya utumbo, ya figo na hata ya misuli iliyopumzika. Adrenalini kwa kiasi cha kawaida hutanua mishipa ya misuli. Lakini mfunguaji mkuu ni msuli wenyewe unaofanya kazi: hutoa potasiamu, adenosini, asidi na joto, nao utando wa ndani wa mshipa hutoa naitriki oksaidi, gesi inayoulegeza mshipa. Ishara hizo huishinda noradrenalini pale pale kazi inapofanyika. Ndiyo maana ukipanda mlima wa Bugando mapaja hupata damu huku tumbo likinyimwa, na aliyetoka kushiba ugali husokotwa na tumbo njiani.

Dhana: Ukikaza zaidi, damu huja zaidi

Tazama mkono wa mvuvi aliyeng'ang'ania kamba ya wavu bila kuilegeza. Msuli ukikazwa kupita kama nusu ya nguvu zake zote, huiminya mishipa iliyo ndani yake hadi damu ikaribie kusimama. Homoni haiwezi kuufungua mshipa uliobanwa hivyo. Baada ya dakika moja au mbili mkono unawaka na vidole vinalegea vyenyewe. Vuta kwa mkupuo, legeza vidole sekunde chache, badilisha mkono. Ukilegeza, damu huingia kwa wingi kuliko ilivyokuwa kabla ya kazi. Wakati wa kunyanyua gunia, toa pumzi. Ukiibana, shinikizo la damu hupanda ghafla.

Ukimaliza kazi nzito, usisimame tuli ghafla. Misuli ya mashavu ya miguu ndiyo inayosaidia kurudisha damu juu. Tembea dakika 3 hadi 5, la sivyo kizunguzungu kinaweza kukuangusha.

Dhana: Maumivu ya kesho yake ni asidi ya laktiki

Laktiki huondoka kwenye damu ndani ya saa moja au mbili, na moyo huitumia kama nishati. Maumivu ya siku ya pili yanatokana na michubuko midogo ya nyuzi za msuli.

Dhana: Homoni ya thairoidi ikizidi, nguvu huzidi

Homoni hii, itokayo kwenye tezi ya shingoni, ikizidi, msuli huunguza oksijeni nyingi kwa kazi ile ile, hukonda na kudhoofika. Kupanda ngazi au kuinuka kitini bila kushika kitu huwa taabu.

Dhana: Uchovu wa kila siku hutibiwa kwa vinywaji vya kuongeza nguvu

Kafeini iliyo kwenye vinywaji hivyo inaficha uchovu tu; chanzo chaweza kuwa upungufu wa himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni. Lita moja ya damu yenye himoglobini gramu 15 kwa desilita hubeba oksijeni mililita 200 hivi. Ikishuka hadi 8, hubeba kama 107. Hakuna homoni wala kutanuka kwa mishipa kutakakoziba pengo hilo lote. Kando ya ziwa, kichocho, minyoo ya safura na malaria hupunguza damu kimyakimya. Pima himoglobini: chini ya 13 kwa mwanamume, au chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito, ni upungufu wa damu, na kwa mwinuko wa Mwanza, zaidi ya mita 1,100, mpaka huo husogezwa juu kidogo. Kisha pima choo na mkojo kabla ya kununua vidonge vya madini ya chuma.