Injini ya hapa na injini ya ng'ambo: zote zimeshukia Kilindini

Wiki iliyopita darasani kwetu kulizuka mzozo. Nafundisha mitambo ya magari katika chuo kimoja cha ufundi hapa Mombasa, na siku hiyo tulikuwa tumefungua silinda hedi (kichwa cha injini) ya Toyota Probox iliyoletwa kwa kuvutwa. Kijana mmoja, ambaye babake hufanya kazi kiwandani kule Miritini, akasema gari linalounganishwa hapa ndilo gari, hayo mengine ni makopo. Binti aliyekaa mbele yake, ambaye mjombake ana yadi ya magari ya Japani, akageuka: "Kama ni hivyo, mbona hayaonekani? Hesabu tangu Mtwapa mpaka Mwembe Tayari, uniambie umeona mangapi." Darasa likaangua kicheko, kisha macho yote yakanigeukia. "Mwalimu, injini ipi bora?"

Swali hilo huniuliza watu wazima pia, tena wakiwa na pesa mkononi, kwa hivyo nalijibu hapa kwa marefu kuliko nilivyolijibu siku ile.

Jambo la kwanza ni kwamba injini zote mbili ni za ng'ambo. Gari la mtumba hushuka melini bandarini Kilindini likiendeshwa. Gari la Miritini hushukia bandari hiyo hiyo likiwa vipande ndani ya kontena, na injini yake imeshakamilika kwa aliyeitengeneza. Wenzetu kiwandani huchomelea bodi, hupaka rangi, hufunga ekseli, nyaya, viti na vioo, kisha hulijaribu gari kabla halijatoka. Ni ufundi wa kweli. Lakini hakuna kiwanda nchini kinachomimina chuma cha bloki, yaani mwili wa injini, na kutoa injini za magari kwa wingi. Wahenga walisema vyaelea, vimeundwa. Mimi huuliza: vimeundwa kwa bahari gani? Injini iliyoundwa kwa ajili ya barabara za Osaka na iliyoundwa kwa ajili ya vumbi la Garissa zaweza kuwa za kampuni moja, na bado zikatofautiana kama dau na jahazi.

Zamani ushindani huu haukuwako. Katika miaka ya 1970 serikali ilishirikiana na makampuni ya nje kuanzisha viwanda vitatu vya kuunganisha magari: Associated Vehicle Assemblers hapa Mombasa (ndicho hicho cha Miritini), Leyland kule Thika, ambayo leo ni Kenya Vehicle Manufacturers, na General Motors jijini Nairobi, ambayo tangu 2017 ni Isuzu East Africa. Magari ya nje yalizuiwa kwa leseni na ushuru, kwa hivyo mtu alinunua kilichokuwapo. Kilichokuwapo, kwa wengi wetu, kilikuwa Peugeot 504, gari ambalo liliendelea kuunganishwa Kenya hadi 2004, miaka mingi baada ya Wafaransa wenyewe kuliacha. Ushindani ulikuwa kwenye mbio za magari za Safari Rally. Mwaka 1974 Joginder Singh alishinda kwa Mitsubishi Lancer, 1975 Ove Andersson akashinda kwa 504, na 1976 Joginder akarudi na Lancer yake akachukua tena. Waliokuwa watoto wakati huo walijua majina ya injini kabla hawajajua kuendesha baiskeli.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 soko lilifunguliwa na mitumba ikamiminika. Viwanda havijapata kupumua tangu hapo. Majaribio ya kuwa na gari letu wenyewe yamekuwako: Nyayo Pioneer, lililoanza kwa agizo la Rais Moi mwaka 1986 kwa Chuo Kikuu cha Nairobi na kuzinduliwa 1990, liliishia kwenye magari machache ya majaribio. Kampuni ya Mobius nayo ilijaribu gari rahisi lisilo na madoido, na mwaka 2024 ikatangaza kufunga kabla ya kupata mnunuzi. Yote mawili yalikwama kwenye pesa na idadi ya wanunuzi.

Sasa hivi magari mapya yanayouzwa Kenya kwa mwaka ni kati ya 10,000 na 15,000 hivi, na ya mtumba ni mara kadhaa ya hayo. Ukiangalia vizuri, hata hivyo, utaona kwamba pande hizi mbili hazigombei mteja mmoja. Anayenunua jipya ni serikali, kampuni, shamba la miwa, sako ya matatu za viti 33. Isuzu imeongoza mauzo ya magari mapya kwa miaka mingi kwa sababu ya malori na chesisi za mabasi. Gari dogo la kupeleka watoto shule Bamburi ni la Japani, na limetumika.

Kwa nini Japani? Wao huendesha upande wetu wa barabara, na sheria zao huwafanya watu wauze mapema. Gari jipya kule hukaguliwa likitimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi una gharama yake. Wengi huona afadhali wabadilishe gari. Kenya nayo hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa mwaka 2025 lililoruhusiwa ni la 2018 kuja mbele. Ndiyo maana kila Desemba mawakala wa forodha hapa mjini hawalali. Gari likifika baada ya mwaka kugeuka, linaweza kuwa limezeeka likiwa baharini.

Halafu kuna kodi, na hapa ndipo injini inapopangiwa ukubwa na watu wasiojua hata kufungua plagi. Chukua gari ambalo forodha imelithamini kwa shilingi 100, ili hesabu iwe nyepesi. Kwa viwango vilivyopo ninapoandika (navyo huguswaguswa karibu kila bajeti ikisomwa), ushuru wa forodha ni asilimia 35, unafika 135. Injini isiyozidi sisi 1500 (yaani cc, kipimo cha ukubwa wa injini) huongezwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20, unafika 162. Juu yake VAT ya asilimia 16, unakaribia 188. Injini ikizidi 1500, ushuru wa bidhaa ni asilimia 25, na hesabu ile ile inakupeleka karibu 196. Bado tozo ya reli na ada ya tamko la kuingiza bidhaa. Petroli ikizidi sisi 3000, au dizeli 2500, ushuru wa bidhaa ni asilimia 35.

Sasa fungua boneti uone. Injini ya Toyota 1NZ, iliyomo kwenye Probox na Fielder, ni sisi 1496. Ya Nissan HR15 ni 1498. Si bahati. Japani nako kodi ya mwaka ya gari hupanda injini ikizidi lita moja na nusu, kwa hivyo wahandisi wao wamekuwa wakibana injini chini ya mstari huo tangu zamani, na sisi tumeuchora mstari wetu papo hapo. Gari linalounganishwa nchini husamehewa ushuru wa forodha kwenye vipande vyake, na ushuru wa bidhaa pia. Lakini bado ni jipya, na kiwanda kinachounganisha magari machache ya kila aina hakiwezi kuyatoa kwa bei ya kiwanda kinachotoa mamia kwa siku. Msamaha wote huo humezwa na uchache.

Nirudi kwenye injini yenyewe, maana hapo ndipo watu wa Mombasa huumia.

Muulize fundi yeyote wa Shimanzi kuhusu D4 uone atakavyokunja uso. Hiyo ni injini ya Toyota ya petroli inayonyunyiza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kwa presha kubwa. Injini ya kawaida ya Toyota hunyunyiza mafuta kwenye njia ya hewa, kabla ya valvu (milango ya silinda), na petroli hiyo huosha migongo ya valvu kila inapopita. Kwenye D4 hakuna kinachoosha. Kaboni hujikusanya, pumzi ya injini huziba, gari likaanza kutetemeka likiwa limesimama. Tena pampu yake ya presha haivumilii petroli chafu, na sisi tulifikia mahali ambapo mwaka 2018 serikali iliwekea mafuta ya taa tozo ya shilingi 18 kwa lita ili bei zikaribiane na wanaoyachanganya na mafuta ya magari wakose faida. Si injini mbaya. Iliundiwa mafuta mengine.

Dizeli ndogo za kisasa zina kisa kama hicho. Vani nyingi za miaka ya karibuni, na magari madogo kama Demio ya dizeli ya sisi 1498, huja na kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Kichujio hicho hujisafisha kwa kuyachoma masizi, na ili yaungue lazima gari lipate mwendo mrefu wa moto. Sasa mtu anaishi Kisauni, kazi yake iko Ganjoni, asubuhi yote anasimama na kusogea darajani Nyali. Masizi hayaungui. Taa inawaka, fundi anaizima kwa kompyuta, taa inawaka tena, mwishowe mtu anashauriwa akate kichujio chote. Mtu huyo alihitaji petroli ya kawaida, na hakuna aliyemwambia.

Makosa mengine tunayafanya wenyewe. Injini nyingi za Japani zimepimiwa oili nyepesi sana, 0W-20 au 5W-30, kwa sababu mfumo wa VVT-i, unaorekebisha wakati wa valvu kufunguka, hugeuza kemshafti kwa presha ya oili inayopita kwenye vitundu vyembamba. Ukimimina oili nzito ya lori la zamani, mfumo huchelewa kuitika na gari linakunywa petroli. Kubwa zaidi ni thamostati. Hapa pwani imekuwa ada: gari jipya likifika gereji, fundi anang'oa thamostati "kwa sababu ya joto letu". Langu la kwanza lilifanyiwa hivyo, nikashukuru na kulipa. Thamostati haileti joto. Hufunga maji mpaka injini ipate moto wake, kisha hufungua. Ukiing'oa, injini hufanya kazi ikiwa baridi kuliko ilivyopangiwa, kompyuta huongeza mafuta, pete za pistoni na kuta za silinda husagika. Gari likichemka, tafuta rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka, au kifuniko cha rejeta kilicholegea. Na usijaze maji ya mfereji wala ya kisima. Maji mengi ya visima vyetu yana chumvi, na hedi nyingi za siku hizi ni za alumini inayoliwa na chumvi.

Upande wa pili uko mfano wa Miritini ninaopenda kuwaonyesha wanafunzi: Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ. Silinda sita, sisi 4164, dizeli, haina taabo (feni ya kusukuma hewa ndani ya injini), na pampu yake ni ya mitambo isiyosubiri amri ya kompyuta. Kwa karatasi ni injini ya kizamani, haina nguvu za kutisha. Lakini gari la polisi la Lamu au la hospitali ya Marsabit linahitaji injini ambayo fundi mmoja mwenye spana na akili anaweza kuiamsha porini. Hiyo ndiyo faida halisi ya gari lililoagizwa kwa ajili ya soko letu: chujio la hewa, springi na rejeta vimechaguliwa kwa vumbi na joto letu, spea zake zina namba inayojulikana hapa, na kuna mtu wa kumrudia kwa warantii. Kitabu chake pia unaweza kukisoma. Cha gari la mtumba kiko kwa Kijapani, na wengi hukitupa pale pale yadi.

Kwa anayeingia yadi wiki hii, dai karatasi ya mnada wa Japani, inayoeleza hali ya gari, na ulinganishe namba ya chesisi iliyoandikwa na iliyogongwa kwenye chuma. Alama ya R au RA ina maana gari liligongwa likatengenezwa. Herufi S kwenye mchoro wa gari ulio katika karatasi hiyo ni kutu, C ni kutu iliyokula chuma, na kwa mji wenye hewa ya chumvi kama huu, C ya chini ya gari sitaigusa kwa bei yoyote. Fungua kifuniko cha oili utazame kwa ndani: utando wa rangi ya chai ya maziwa ni ishara kwamba maji yanaingia kwenye oili. Kisha moshi. Wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni mafuta kuzidi, mweupe usioisha na wenye harufu tamu ni maji ya rejeta ndani ya silinda.

Ila kabla ya hayo yote, weka kiganja juu ya boneti. Injini iliyochoka hujificha ikiwa moto. Mlio wa cheni, moshi na mtetemo hujitokeza inapowashwa ikiwa baridi, na wauzaji wanalijua hilo kuliko wewe. Ukikuta boneti ina joto saa mbili asubuhi na wewe ndiye mteja wa kwanza, mshukuru muuzaji, mwambie utarudi kesho, wala usimtajie saa.