Ghorofa ya kisasa juu ya nyumba kongwe ya matofali: dhana potofu na ukweli

Ukuta mzee wa matofali ya kuchoma chini, na juu yake chumba chepesi chenye madirisha mapana: mchanganyiko huo unapendeza, na unawezekana. Tatizo ni kwamba mazungumzo mengi juu yake huanzia kwenye mwonekano. Kazi yenyewe huanzia mahali pasipoonekana, pale tofali la mwisho linapokaa juu ya udongo.

"Nyumba imesimama miaka sitini bila kutikisika, basi itabeba na ghorofa"

Miaka hiyo sitini imethibitisha jambo moja tu: udongo unaweza kubeba uzito uliopo leo. Udongo hushindiliwa na mzigo ulio juu yake hadi ukatulia. Ukiuongezea mzigo, unaanza kushuka upya, hasa ukiwa wa mfinyanzi.

Tupige hesabu ya mita moja ya ukuta wa nje. Matofali pamoja na mota (mchanganyiko wa kuunganishia matofali) yana takriban kilo 1,900 kwa mita moja ya ujazo. Ukuta wenye unene wa milimita 230 na kimo cha mita 3 una kilo zipatazo 1,300. Paa la vigae na dari vinaongeza kama 300. Jumla ni kilo 1,600, mbali na uzito wa msingi wenyewe.

Sasa weka ghorofa ya matofali yenye kimo cha mita 2.7: kilo 1,180. Weka slabu, yaani sakafu ya zege, ya milimita 150. Kama chumba kina upana wa mita 4, mita 2 za slabu hiyo zinaegemea ukuta huu, nazo ni kilo 720. Watu na samani, kwa kilo 150 kila mita ya mraba, ni 300 nyingine. Umeongeza kilo 2,200 kabla hujapiga lipu wala kuweka vigae vya sakafu. Ukuta umebebeshwa zaidi ya mara mbili ya ulichozoea.

Ghorofa hiyohiyo ikijengwa kwa fremu ya mbao au chuma chepesi, ukuta wake una kama kilo 60 kwa mita ya mraba na sakafu yake kama 50. Pamoja na watu na samani, nyongeza ni kilo 560 hivi, yaani robo tu ya ile ya kwanza.

Wengi hupima ukuta wa nje wakasahau wa katikati, na huo ndio unaobeba slabu kutoka pande zote mbili. Kwa vipimo vilevile, utapokea nyongeza ya zaidi ya kilo 3,200 kwa kila mita, na katika nyumba nyingi za zamani msingi wake ni mwembamba kuliko wa kuta za nje. Ukiwa na upana wa milimita 450, udongo chini yake utabanwa kwa zaidi ya tani 10 kwa mita ya mraba. Mfinyanzi laini hauhesabiwi kubeba hata tani 7.5. Mfinyanzi mgumu kiasi huhesabiwa kati ya tani 7.5 na 15, kwa hiyo huenda ukabeba na huenda usibebe. Hapo hakuna nafasi ya kubahatisha.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kuchimba. Mashimo matatu au manne yanatosha kuanzia: moja penye kona, moja katikati ya ukuta mrefu, moja kwenye ukuta wa ndani, na jingine popote ulipo ufa. Kila shimo liwe dogo, na usifukue ukuta mzima kwa mara moja. Pima kina cha msingi, upana wake, na umetengenezwa kwa nini. Katika nyumba nyingi kongwe utakuta matofali yaliyopangwa kwa ngazi, bila zege lolote. Kisha chukua udongo wa chini kabisa ya msingi. Ukiubonyeza kwa kidole gumba na kidole kikazama kwa urahisi, huo ni laini, na mhandisi wa majengo aufanyie vipimo kabla ya mchoro wowote.

"Msingi ukiwa haba, unachimba chini na kumwaga zege"

Njia ya kuongeza msingi chini ya msingi ipo, ila kuiharakisha kunaangusha nyumba. Huchimbwa kwa vipande vya mita 1 hadi 1.2, tena visivyopakana. Vipande hupewa namba 1 hadi 5, kisha mzunguko huanza upya hadi mwisho wa ukuta. Vyote vya namba 1 huchimbwa na kumwagwa zege kwanza, halafu 3, halafu 5, halafu 2, mwisho 4. Wakati wowote, sehemu iliyofukuliwa isizidi robo ya urefu wa ukuta.

Kosa linalorudiwa mno ni kumwaga zege likagusa msingi wa zamani moja kwa moja. Zege husinyaa linapokauka, linaacha mwanya, na ukuta hushuka kuufuata. Sahihi ni kuliachia nafasi ya milimita 50 hadi 75 juu, kusubiri angalau siku moja, kisha kuijaza mota kavu ya saruji 1 kwa mchanga 3. Mota hiyo iwe na unyevu wa kushikamana ukiifinya kiganjani, bila kutoa maji, nayo ishindiliwe kwa kipande cha mbao na nyundo hadi isipokee tena. Kipande cha jirani kisiguswe kabla hii haijashika.

Kuimarisha kona moja tu nako kuna hasara yake. Kona hiyo itatulia, nyumba iliyobaki itaendelea kushuka, na ufa utatokea pale msingi mpya unapokutana na wa zamani.

Mara nyingine ni busara kuziacha kuta za zamani zipumzike, na kuiweka ghorofa juu ya nguzo za chuma au zege zenye misingi yake. Tahadhari ni mbili. Shimo la msingi mpya lisishuke chini ya ule wa zamani karibu nao, la sivyo udongo utamwagika kutoka chini ya ukuta. Pia pawe na nafasi ya milimita 20 hadi 25 kati ya fremu na ukuta, kwa sababu misingi mipya itashuka kidogo wakati ya zamani imekwisha tulia.

"Huo ni ufa wa lipu tu"

Huenda ni kweli, lakini bandua lipu uone tofali. Ufa unaopanda kama ngazi kufuata viungo, mwembamba chini na mpana juu, mara nyingi husema kona inazama. Chora alama mbili za penseli pande zote za ufa, andika tarehe, na pima nafasi kati yake kila mwezi, ukipitia majira ya mvua na ya kiangazi. Ufa usiozidi milimita 5 na usiosogea kwa kawaida hurekebishika. Unaosogea usijengewe juu yake, hata uwe mwembamba kama unywele.

"Ghorofa ya kweli ni ya zege, mbao na chuma chepesi ni vibanda"

Juu ya nyumba ya zamani, wepesi ni sifa njema. Kwenye maeneo yenye matetemeko ni zaidi ya hapo, maana nguvu inayoiyumbisha nyumba hukua kwa kadiri ya uzito ulioko juu.

Lakini wepesi una madai yake. Upepo unaoshindwa kuinua zege unaweza kuinua fremu ya mbao. Kwa hiyo juu ya ukuta wa zamani humwagwa mkanda wa zege wenye nondo, kwa mfano nondo 4 za milimita 12 na ringi za milimita 8 kila milimita 200, na fremu ikafungwa humo kwa bolti. Mkanda nao ufungwe kwenye ukuta kwa vyuma bapa vinavyoshuka kama mita 1, visivyoachana zaidi ya mita 2. Mkanda huo pia husambaza uzito, usidondokee tofali moja.

Dai la pili ni joto. Ukuta mnene wa matofali huchelewa kupata joto; ukuta mwepesi hupata mara moja. Bila kizuia joto cha kutosha kwenye paa na kuta, kivuli juu ya madirisha, na nafasi ya hewa ya angalau milimita 25 nyuma ya mbao au bati la nje, chumba hicho kizuri kitashindwa kukaliwa mchana.

"Ukuta ni ukuta, panda nao tu"

Ukuta wa ndani wa nusu tofali mara nyingi umesimama juu ya sakafu, hauna msingi. Huo usiubebeshe kitu. Linta za zamani, yaani boriti fupi zilizo juu ya milango na madirisha, zilibeba kozi (safu) chache za matofali na paa. Nyingine ni mbao iliyofichwa ndani ya lipu, nyingine ni matofali yaliyosimamishwa bila chuma. Nguzo mpya ikitua katikati ya dirisha la chini, ufa utakuja. Panga madirisha ya juu yakae juu ya yale ya chini, na nguzo zitue kwenye vipande vya ukuta vilivyo kati yake. Linta inayobadilishwa iegemee ukuta angalau milimita 150 kila upande.

"Boriti za dari zitageuka sakafu"

Hapana. Boriti ya dari ya milimita 50 kwa 100 ilipimwa kubeba dari, basi. Sakafu ya mbao kwa nafasi ya mita 3.5 huhitaji boriti za kama 50 kwa 200, kila milimita 400, zikae zenyewe bila kugusa dari.

"Juu lazima pafanane na chini"

Kuiga tofali la zamani ndiyo njia ngumu zaidi. Vipimo hutofautiana kwa milimita chache, na baada ya kozi kumi viungo havilingani tena. Rangi nayo haikubali. Mbao, bati au vibao vya saruji iliyochanganywa na nyuzi vilivyokiri upya wao huonekana vya heshima kuliko tofali linalojifanya mzee. Cha muhimu ni kiungo: kifuniko cha bati chenye ukingo wa kudondoshea maji, uliotoka milimita 40 hivi mbele ya uso wa tofali, ili mvua isitiririke kwenye ukuta wa zamani.

Kioo ni kizito. Kila milimita ya unene ina kilo 2.5 kwa mita ya mraba, hivyo dirisha la vioo viwili vya milimita 6, lenye mita 3 kwa 2.4, ni zaidi ya kilo 210 bila fremu. Na chumba kinachochomoza nje ya ukuta wa chini huubebesha ukuta huo mzigo wa kinachoning'inia pamoja na nguvu ya kukizuia kisipinduke. Kwa kila mita 1 ya kuchomoza, weka angalau mita 2 za boriti ndani.

"Tangi la maji litakaa juu ya paa jipya"

Lita 1,000 ni tani nzima, juu ya eneo la takriban mita moja ya mraba, kwenye muundo uliohesabiwa kilo 150 hadi 200 kwa eneo hilo. Liache chini na utumie pampu. Bafu la juu nalo likae juu ya bafu la chini, bomba la milimita 100 lishuke wima.

"Ngazi itapata pa kukaa"

Kutoka sakafu hadi sakafu kukiwa na mita 3, unahitaji vipandio 17 vya milimita 176. Vikinyooka, kwa kanyagio la milimita 250, ngazi hula mita 4 za urefu. Ichore kabla ya vyumba.

"Tukaze viungo vya zamani kwa saruji, kisha tufungue paa"

Nyumba iliyojengwa kwa mota ya chokaa ijazwe viungo kwa chokaa. Saruji ni ngumu kuliko tofali laini. Huzuia unyevu kutokea kwenye kiungo, unyevu hutafuta njia kwenye tofali, na uso wa tofali hubanduka vipande. Paa nalo, siku linapoondolewa, ukuta hupoteza kilichoushika juu. Uegemezwe kwa milunda pande zote mbili, kichwa chake kifunikwe kwa turubai kila jioni, na mkanda wa zege usimwagwe juu ya matofali yaliyolegea: yale yanayotoka kwa mkono yatolewe yote, hata kama ni kozi tatu.