Unga wa kitunguu saumu si chumvi ya kitunguu saumu

Chupa zake hufanana, harufu hukaribiana, na mara nyingi hupangwa rafu moja. Mpishi huchukua iliyo karibu na mkono, chakula kikizidi chumvi analaumiwa yeye. Kumbe kosa limeanzia kwenye dhana chache ambazo watu wamezizoea hata hawazihoji tena.

Dhana: "Ni kitu kilekile, tofauti ni jina tu."

Unga wa kitunguu saumu ni kitunguu saumu kilichomenywa, kikakatwa, kikakaushwa na kusagwa. Hakuna kingine ndani yake kinachohusu ladha. Chumvi ya kitunguu saumu ni chumvi ya mezani iliyochanganywa na unga huo, kwa kawaida vipimo vitatu vya chumvi kwa kimoja cha unga, pamoja na kiasi kidogo cha kitu cha kuzuia isigandamane. Maana yake ukichota kijiko cha chai, robo tatu ya ulichochota ni chumvi.

Geuza chupa usome viambato. Kanuni za kimataifa za chakula, ziitwazo Codex, zinataka viorodheshwe kuanzia chenye uzito mkubwa kuliko vyote, kwa hiyo kwenye chumvi ya kitunguu saumu cha kwanza kutajwa huwa ni chumvi. Ukikuta chupa mbele imeandikwa maneno ya kuvutia kuhusu kitunguu, lakini nyuma orodha inaanza na chumvi, basi hiyo ni chumvi. Ipike kama chumvi.

Dhana: "Ukikosa kimoja, tia kingine kwa kipimo kilekile."

Hapa ndipo sufuria nyingi huharibika, kwa hiyo tufanye hesabu. Tuseme maelekezo ya mapishi yanataka kijiko kimoja cha chai cha unga, nawe una chumvi ya kitunguu saumu peke yake. Ukitia kijiko kimoja, kitunguu ulichopata ni robo tu ya kinachotakiwa. Unaonja, unaona hakisikiki, unaongeza. Ili ufikie ladha inayotakiwa itabidi utie vijiko vinne, na ndani ya vinne hivyo mna vijiko vitatu vya chumvi, yaani takriban gramu 18. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Sufuria yako sasa imebeba zaidi ya kiwango cha siku nzima cha watu watatu, na chumvi yenyewe ya chakula bado hujaitia.

Ukigeuza upande wa pili, mambo ni mepesi. Maelekezo yakitaka kijiko kimoja cha chumvi ya kitunguu saumu, tia robo kijiko ya unga na robo tatu ya chumvi ya kawaida. Ndiyo maana anayetaka kununua kimoja tu namshauri anunue unga. Kwa unga utatengeneza mchanganyiko huo wakati wowote na kwa kipimo unachotaka wewe, lakini chumvi ikishachanganyika huitoi tena.

Na kwa anayehama kutoka kitunguu kibichi: punje moja ya wastani inalingana na thumni ya kijiko cha chai cha unga, yaani sehemu moja ya nane. Ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani.

Dhana: "Ina kitunguu saumu, kwa hiyo inafaa kwa mwenye presha."

Hii inanisikitisha kuliko zote, maana wanaoiamini mara nyingi ndio haohao walioambiwa wapunguze chumvi. Tafiti zilizopima kitunguu saumu na shinikizo la damu zilitumia kitunguu chenyewe, mara nyingi vidonge vya unga au vya dondoo lake, na nafuu iliyoonekana ilikuwa ya wastani. Hazikupima chumvi iliyonyunyiziwa kitunguu. Kijiko cha chai cha chumvi ya kawaida kina takriban miligramu 2,300 za sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha, kwa hiyo kijiko cha chumvi ya kitunguu saumu kina kama 1,700, na kiwango kinachoshauriwa kwa siku ni chini ya 2,000. Unga mtupu una miligramu chache mno.

Ni kweli kwamba ukiiweka chumvi ya kitunguu saumu mahali pa chumvi ya kawaida, kijiko kwa kijiko, umepunguza robo ya chumvi. Lakini wengi hutia chumvi kwanza, kisha wakaongeza hii juu yake wakiihesabu kama kiungo. Mwenye presha atumie unga, chumvi aipime kando.

Dhana: "Unga hauna ladha ya maana, ni wa kufichia uvivu."

Unga unadharauliwa kwa sababu unapikwa vibaya. Punje nzima ya kitunguu saumu hainuki sana. Ukiikata au kuiponda, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa ndani ya chembe zake hukutana na kemikali nyingine na kutengeneza alisini, ile yenye ukali na harufu, ambayo wanakemia Chester Cavallito na John Hays Bailey waliitenga mwaka 1944. Kitunguu kikikaushwa kwa joto la kiasi, sehemu ya kimeng'enya hicho hubaki humo, imetulia kwa kukosa maji. Sasa mpishi anamwaga unga mkavu kwenye mafuta yanayochemka. Kimeng'enya kinakufa kabla hakijafanya kazi, na unga wenyewe, kwa kuwa ni laini, unaungua mara moja na kuwa mchungu.

Fanya hivi. Tia unga kwenye kikombe, weka maji baridi kiasi kilekile, koroga, uache dakika chache. Utapata uji mzito, na ukiunusa utakuta ile harufu kavu ya chupani imegeuka kuwa ukali unaokaribia kitunguu kilichopondwa. Hapo ndipo uutie kwenye mchuzi au kwenye mafuta ya moto mdogo. Usilowekee kwenye siki wala maji ya limau, maana asidi hukizuia kimeng'enya.

Kwa nyama ya kuoka, unga mkavu una faida ambayo kitunguu kibichi hakina: unaenea sawasawa juu ya nyama yote, wakati vipande vibichi vikikaa juu huungua. Chumvi ya kitunguu saumu nayo ina pahali pake, mwishoni, juu ya kitu kilichokwisha kuiva: viazi vya kukaanga vingali vya moto, bisi, mayai.

Dhana: "Vikavu havichakai."

Chumvi haichakai, kitunguu kinachakaa. Kwenye chupa ya zamani ya mchanganyiko harufu imepungua na chumvi iko vilevile, kwa hiyo anayetafuta ladha atajikuta anaongeza chumvi tu. Usitikisie chupa juu ya sufuria inayotoa mvuke, unga hunyonya unyevu na kugandamana. Chota kwa kijiko kikavu, funga kifuniko, weka mbali na jiko. Madonge makavu unaweza kuyaponda ukatumia; yenye ukungu au harufu ya uvundo, tupa.